Tusiuzingire msitu kwa kuiziba malka

Ijumaa moja ya mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, niliketi chini ya mwembe mkongwe katika kijiji nilichozaliwa huko Kinakomba, ukingoni mwa Mto Tana, nikasikia shauri ambalo limeninyima raha tangu siku hiyo. Wanakijiji wenzangu, ambao kwa miaka kadhaa sasa wamejitolea kuutunza msitu mdogo uliosalia baina ya nyumba zetu na mto, walikuwa wakijadiliana namna ya kuuzingira kwa seng'enge. Mabunda ya waya yamekwisha kuletwa na mfadhili mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Yamo katika stoo ya shule yakingoja nguzo. Ramani iliyochorwa kwa kalamu ya risasi ilipitishwa mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu niliona kwamba mstari wa waya unaikata malka.

Kwa msomaji ambaye hajafika Tana, yafaa nieleze malka ni nini. Ni njia pana ambayo mifugo hupitia kutoka nyikani kuteremka mtoni kunywa maji. Kingo za mto huu zimelimwa na Wapokomo tangu zama za mababu: migomba, miembe, mahindi na mpunga, kila mlango na kipande chake kilichoanzia majini na kukomea pale unapokoma udongo wa mafuriko. Nyuma ya mashamba ndiko iliko nyika ya Waorma na Wardei, watu wa ng'ombe na mbuzi. Mwenye shamba anao mto mlangoni pake. Mwenye ng'ombe hana mto ila amepishwa. Malka ndiyo mahali pa kupishwa. Haina hatimiliki wala kibao, lakini kila mtoto, wa mkulima na wa mfugaji, anajua inakoanzia na inakoishia. Au tuseme alikuwa akijua.

Nilisimama nikapinga. Kura haikupigwa, mwenyekiti, kwa busara zake, aliahirisha shauri hadi mkutano ujao. Hata hivyo nilijibiwa, na jibu lile nalieleza hapa mapema ili nisije nikaonekana ninawasema wenzangu huku nikiificha hoja yao. Mama mmoja wa makamo, ambaye mikono yake ina makovu ya miiba kuliko mikono ya mwanamume yeyote kijijini, alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe waja na gari la saa nne na kuondoka na la saa tisa. Sisi ndio tunaochomwa. Miche niliyoipanda mimi, niliyoitilia maji kwa ndoo ya kichwani, ng'ombe waliila kwa asubuhi moja. Leo nimepata waya, waniambia nisiutumie?"

Sikuwa na la kumjibu papo hapo. Nimekuwa nikilitafuta jibu hilo tangu siku ile, na safu hii ndiyo jibu lenyewe, kwa kadiri nilivyoweza kulipata.

Kwanza niuseme msitu wenyewe. Si mkubwa, mtu anayetembea polepole huuzunguka kwa muda usiotimia saa moja. Una mikuyu ambayo vigogo vyake havikumbatiki na watu watatu, una mikwaju na mikindu, na upande wa nyikani umezungukwa na mikoma. Kwetu sisi si pambo. Katika mikindu hupatikana ukindu wa mikeka na makanda. Katika miti mikubwa babu zetu walichonga mitumbwi na kutundika mizinga ya nyuki. Na mizizi yake ndiyo inayoushikilia ukingo mto unapofura. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mafuriko ya Aprili na Mei 2024, zilipopita nilikwenda kuangalia. Palipokuwa na msitu, ukingo ulikuwa pale pale nilipouacha. Pale jirani, ambapo miti ilikuwa imekatwa miaka mingi nyuma ili kulima hadi majini, miembe sita ya ukoo mmoja ilikuwa imeanguka mtoni pamoja na ardhi iliyosimama juu yake. Sheria ya maji ya nchi hii inataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kulingana na upana wa mto. Mto haujaisoma sheria hiyo, lakini unaitekeleza kwa ukali kuliko afisa yeyote.

Misitu ya namna hii ni uzi mwembamba tu katika nchi kavu. Ukitoka mtoni hatua mia chache, umeingia vichakani na vumbi. Teremka kidogo kutoka kwetu, upite Wenje, utafika katika misitu ambamo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na nyani aitwaye mangabe wa Tana, wanyama wawili wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wataalamu wa mataifa wamekuja kuwatazama tangu miaka ya 1970. Na uhai wa misitu hii, yetu na ile ya mbega, umefungamana na mafuriko: mto unapofurika huacha mchanga mpya na tope, na juu ya tope hilo ndipo mbegu za mikuyu huota. Tangu Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere mwaka 1988, mabwawa matano yamejengwa juu ya mto huu ili Nairobi na miji mingine ipate umeme. Sisi tulioko chini tumebaki na mafuriko yasiyo na majira: ama hayaji kabisa, ama huja yote kwa pamoja na kubeba nyumba. Ndiyo maana miti michanga haijioteshi kama zamani, na ndiyo maana watu wangu wakaanza kuipanda kwa mikono.

Kikundi chetu hakina jina la kifahari. Wanachama hawazidi arobaini, wengi wao wanawake. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huingia msituni na panga na majembe; kila mmoja hutoa shilingi hamsini kwa mwezi, na mwenye kushindwa husamehewa bila maneno. Hapana anayelipwa. Kazi yao kubwa si kupanda bali kung'oa, na wanachoking'oa ni mti wa mathenge.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana mti huu una mafunzo mengi. Mathenge uliletwa katika sehemu kavu za nchi yetu miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa. Miradi ya unyunyizaji ya Hola na Bura ilikuwa imekusanya maelfu ya watu waliohitaji kuni, nyika ilikuwa ikikatwa, na serikali pamoja na wafadhili wake wakaleta mti usioogopa jua, unaoota haraka na kustawi pasipo kutunzwa. Uliota kweli. Ulivuka mipaka ya mashamba uliyopandiwa, ukaingia malishoni, ukafuata mifereji hadi mtoni, ukaziba njia. Miiba yake hutoboa kandambili na magurudumu ya baiskeli. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Wenzetu wa Baringo walifikia hadi ya kuishtaki serikali na kumpeleka mbuzi mahakamani ili waheshimiwa wamtazame kinywa. Mwaka 2008 serikali ile ile iliyoupanda iliutangaza kuwa magugu hatari. Ukiukata, huchipuka, sharti ung'olewe na kisiki chake chini ya ardhi. Kwa mwanamke anayeiacha palizi ya shamba lake ili akachimbue kisiki cha mathenge katika ardhi isiyo yake peke yake, neno "kujitolea" lina uzito ambao sisi wa mijini hatuujui. Siku yake moja ni mahindi.

Basi nia njema na mti wa kijani havitoshi kuwa hoja. Tarehe 13 Novemba 2023, siku iliyotangazwa kuwa ya mapumziko nchi nzima ili watu wapande miti, tuliletewa na wakubwa fulani lori la miche. Ilipandwa kwa saa mbili, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha kuanza. Juma lililofuata mto ulipanda na kuichukua yote, wala hapana aliyerudi kuuliza. Miche iliyosalia hadi leo ni ile ambayo kina mama waliiotesha wenyewe katika makopo, wakaipanda pale wanapojua maji hayafiki kwa nguvu.

Nimeyasema haya ili ijulikane kwamba ninaposhindana na waya, sishindani na watu hawa. Hasira ya yule mama ni ya haki. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, ng'ombe waliingia msituni wakala miche yote, na wachungaji wakakata matawi ya mikuyu kuwalisha ndama. Haya yalitokea, niliyaona mabaki yake. Swali langu ni moja tu: ng'ombe wale waliingilia wapi?

Waliingia kwa upande wa mashamba. Hawakutoka malkani. Malka yetu, iliyokuwa pana wakati wa utoto wangu, imekuwa ikimegwa mwaka baada ya mwaka. Huyu ameongeza matuta mawili ya mihogo, yule amepanda migomba mitano, mwingine ameweka ua wa miiba kuilinda migomba hiyo, na mathenge umeziba sehemu iliyobaki. Ilipofika mwaka 2022, malka ilikuwa imebaki kichochoro. Makundi ya ng'ombe yenye kiu ya siku tatu hayapiti kichochoroni. Yalitapakaa, yakatafuta upenyo, na upenyo ulikuwa msitu, kwa kuwa msituni hapakuwa na ua. Tulioumega upana wa malka ni sisi wakulima, na walioulipia ni mikuyu. Sasa tunataka kuziba hata kile kichochoro, kisha tuamini kwamba waya wa nyuzi nne utamzuia mnyama anayenusa maji.

Wala jambo hili halikomi kwenye miche. Mimi ni mtu wa Tana, na kwa mtu wa Tana neno "malka imezibwa" halisikiki kama habari ya kilimo. Mapigano yaliyoanza mwaka 2001 yalichochewa na mpango wa kuyapima mashamba ya kando ya mto ili wakulima wapewe hatimiliki; wafugaji waliona katika mpango huo kufungiwa mto. Mwaka 2012, kule Garsen, hali ilikuwa mbaya kupita kiasi. Asubuhi ya tarehe 22 Agosti watu zaidi ya hamsini, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa Riketa. Zikafuata Chamwanamuma na Kilelengwani mwezi wa Septemba, kisha Kipao mwezi wa Desemba. Waliokufa katika miezi ile walipita mia moja. Siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia zilikuwa na mkono wake, sikatai, na silaha zilitoka mbali. Lakini wanasiasa hawawashi moto pasipo kuni, na kuni zilikuwa zile zile: ng'ombe ndani ya shamba, shamba ndani ya njia ya ng'ombe. Sisi wa Kinakomba tulinusurika na mengi ya miaka ile. Hatukunusurika kwa kuwa tu wema kuliko wenzetu wa chini.

Wazee wetu walikuwa na dawa yao. Wapokomo walikuwa na Gasa, baraza la wazee, lililokuwa na kauli juu ya ardhi, mto na misitu. Waorma wanao wazee wao wa matadeda. Kulikuwa na miti isiyokatwa na pahali pasipoingiwa, na nyuma ya makatazo hayo kulikuwa na nguvu ambayo hapana aliyethubutu kuidharau, ile ya ngoma kuu ya Ngadzi. Ngoma hiyo ilinyakuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo iko London katika hifadhi ya British Museum. Sisemi turudi kwenye zama hizo. Mengi ya mambo ya Gasa hayakuwa na nafasi kwa wanawake, na msitu wetu leo unatunzwa na wanawake. Ninachosema ni kwamba baraza lile lilipoamua jambo la mto, lilizungumza na wazee wa upande wa pili. Katika mkutano wetu wa Ijumaa ile, chini ya mwembe, hapakuwa na Morma hata mmoja. Hapana aliyemwalika.

Kuna tanzia nyingine ya karibu zaidi. Mwaka 1976 ilitangazwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya wale mbega na mangabe, eneo la kilomita za mraba zipatazo 170, na ndani yake kulikuwa na vijiji na mashamba ya watu. Mwaka 1996 ukaanza mradi uliogharimiwa kupitia Benki ya Dunia, ambao pamoja na mengine ulikusudia kuwahamisha wakazi wale, kwa hiari yao, kama ilivyosemwa. Watu walikataa, mizozo ikazidi, na mradi ukafungwa mwaka 2001. Hatimaye wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi ile haikuundwa kwa kufuata sheria. Miaka thelathini na mmoja, fedha nyingi za kigeni, wataalamu kadha wa kadha, na kosa lililowaangusha lilikuwa dogo kulitaja: hawakuwauliza wenye mahali. Nawauliza wenzangu: sisi tuliofanyiwa hayo, tunataka kuyafanya kwa jirani zetu kwa ekari chache za msitu?

Najua watakaosema ninatia chumvi, kwamba chama cha watu arobaini si Benki ya Dunia. Kijana mmoja msomi katika mkutano ule aliutaja mfano wa Nairobi. Huko viko vyama vya wenye nyumba vinavyotunza bustani na miti ya mitaa yao kwa michango ya wanachama. Kile cha Karen na Lang'ata kina umri wa zaidi ya miaka themanini. Na uko msitu wa Karura, hektari zaidi ya elfu moja, ambao Profesa Wangari Maathai na wenziwe walipigwa na kujeruhiwa mwezi Januari 1999 walipokuwa wakiukinga na wanyakuzi. Tangu mwaka 2009 chama cha raia wa mitaa jirani kimeshirikiana na shirika la serikali la misitu kuutunza, wakauzungushia ua wa umeme, wakaweka malango na ada ya kuingilia, na pale palipokuwa pango la wezi sasa familia hutembea na watoto. Kijana alisema, "Mbona wao waliweka ua na dunia ikawasifu?"

Nawasifu hata mimi. Nimewahi kutembea Karura nikatamani kila mji uwe na msitu wa namna ile. Lakini tuupime mfano vizuri. Aliyezuiwa na ua wa Karura ni mnyakuzi na mwizi, pamoja na mwendaji wa kawaida ambaye akikosa ada ya lango hurudi nyumbani akiwa salama, na nyumbani ana mfereji. Atakayezuiwa na waya wetu ni ng'ombe wa jirani, na ng'ombe huyo akikosa maji siku ya nne ni mzoga, na watoto wa mwenyewe hawana maziwa. Tena wale wenye nyumba wa Nairobi, kila mmoja ana hatimiliki ndani ya sanduku lake. Sisi hatuna. Msitu ule tunauita wetu kwa mazoea tu. Mbele ya sheria ni ardhi ya jamii isiyosajiliwa, inayoshikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yetu. Na hata wale wenye karatasi hawakusalimika: mwezi Agosti 2025 shirika la misitu lilipoagiza ada zote za lango la Karura zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, chama na shirika walifikishana mahakamani. Ikiwa watu wenye mawakili wanaweza kuamka na kukuta mlango wao umebadilishwa kufuli, sisi wenye mabunda ya waya wa kupewa tutashika nini? Mwenye kuleta waya ataleta na kibao. Kesho akija mwingine kuuliza msitu ni wa nani, atasoma kibao.

Ndiyo maana naona kwamba nguvu tulizonazo, ambazo ni chache, tuziweke katika Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 badala ya kuziweka katika nguzo. Sheria hiyo inairuhusu jamii kusajili ardhi yake, kuorodhesha wanachama wake na kuchagua kamati ya watu kati ya saba na kumi na watano. Kifungu chake cha 13 kinaipa jamii mamlaka ya kutenga maeneo maalumu, na katika orodha ya maeneo hayo yametajwa, pamoja, maeneo ya uhifadhi na njia za kupitia. Nilikisoma mara mbili kuhakikisha. Waliotunga sheria hawakuona kwamba msitu na malka ni maadui. Waliviandika katika orodha moja. Lakini usajili huo hauwezi kufanywa na arobaini wa kikundi, wala na wakulima peke yao. Wafugaji watumiao malka ile sharti waandikwe haki yao ya kupita, kwa upana unaopimika, kwa maneno yatakayosomwa na hakimu. Najua kazi hii ni ndefu na ya kuchosha. Afisi ziko Hola, nauli ni ghali, na karani ataambiwa arudi kesho. Waya huonekana kwa siku tatu. Hati huchukua miaka. Nakiri pia kwamba hapa ndipo sisi tuliosoma na kuhamia mijini tumekuwa wavivu. Twatuma shilingi hamsini na maoni. Nimejitwika kazi ya kuandika barua na kufuatilia, na nimelisema hili gazetini ili nisipate pa kukimbilia.

Wakati huo waya usipotee bure. Uzungushwe kwenye kitalu cha miche na sehemu zile mbili ambazo kina mama wamepanda upya, hadi mikuyu ipite kimo cha ng'ombe, kisha uhamishwe. Nguzo ziwekwe mbali na ukingo; mafuriko ya 2024 yalibeba choo cha matofali, sembuse nguzo. Na Jumamosi za kung'oa mathenge, kwa muda wa mwaka mmoja, zianzie malkani badala ya msituni. Njia ikipanuka ng'ombe watapita katikati, na waliolima ndani yake, wakiwemo watu wa ukoo wangu, wang'oe mihogo yao. Neno hili la mwisho limenigharimu usingizi kuliko mengine. Binamu yangu ana matuta saba pale. Nilipomwambia alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama nitakula mihogo hiyo ikishang'olewa au nitamwachia yeye.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kurudi, nilivuka nyikani kwenda kumwona mzee mmoja wa Kiorma aliyekuwa rafiki wa marehemu baba. Alinipokea kwa maziwa. Habari za waya alikuwa nazo tayari; nyikani habari hazihitaji gazeti. Hakulalamika. Aliniuliza idadi ya miche iliyoliwa mwaka ule wa ukame, nami nikamwambia sijui. Akasema yule mama anajua, na kwamba angependa kuisikia idadi hiyo kutoka kinywani mwake, maana baadhi ya ng'ombe wale walikuwa wake. Kisha akauliza, "Mkutano wenu ni lini?"

Nilimtajia siku. Nimempigia mwenyekiti simu mara mbili tangu hapo kumwomba mzee huyo na wenzake wawili waalikwe rasmi, na mara ya pili alisema atalifikisha kwa kamati. Wakati wa kurudi nilipita malkani nikahesabu hatua kutoka ua mmoja wa miiba hadi wa pili, mahali palipo pembamba zaidi. Zilikuwa kumi na moja. Baba alikuwa akituambia kwamba hapo zamani mtu akisimama upande huu hakusikia anayemwita upande wa pili kwa kishindo cha kwato. Mabunda ya waya bado yamo stoo, na funguo anayo mwalimu mkuu.